Historia ya Ugonjwa wa Firmin

Kuna maneno matano ambayo yamenichosha kuliko miteremko yote ya mji wetu huu wa milima, Kadutu: kila mutu na ukweli yake. Nayasikia asubuhi, nayasikia jioni. Sokoni, kanisani, kwenye simu, hata kwenye chumba cha walimu ambako mtu ungedhani tumesoma kidogo. Mimi nafundisha filozofia na lojiki darasa la sita la sekondari, huu ni mwaka wa ishirini na saba, na kila mwaka, wiki ya kwanza, naandika ubaoni swali lilelile: kweli ni moja au ni nyingi? Na kila mwaka watoto arobaini na kitu wananijibu kwa furaha kabisa kwamba profesa, inategemea. Inategemea nini? Hawajui. Inategemea tu. Nawapa nne juu ya kumi, narudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Lakini darasa ni darasa. Mtoto akikosea darasani hakuna anayefukuzwa kwenye nyumba yake. Yale niliyoyasikia kwenye kilio cha mdogo wangu Firmin ni mambo mengine, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Firmin alikufa hospitalini, Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, fundi mwashi. Kuta nyingi zinazozuia udongo wa mtaa wake wa Cimpunda usishuke na nyumba za watu zilijengwa na mikono yake. Aliacha mke, Séraphine, na watoto watatu, na nyumba ya matofali ya vyumba vitatu ambayo aliijenga mwenyewe siku za mapumziko. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa familia, na kusoma mbele ya watu hakunitishi, nikapewa kazi ya historia ya ugonjwa.

Asiyetoka kwetu anivumilie hapa kidogo. Kabla sanduku halijaondoka nyumbani, mtu mmoja wa familia anasimama na karatasi. Anaeleza ugonjwa ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, alipewa dawa gani, nani alikuwa pembeni yake, na roho ilitoka saa ngapi. Wasifu wa marehemu, alisoma wapi, alibatizwa lini, watu wanauvumilia tu huku wakiangalia simu zao. Lakini historia ya ugonjwa ikianza, hata wale wanaokunywa pombe ya kasiksi nyuma ya hema wanaweka vikombe chini, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana nani ameua. Kwetu ni watu wachache sana wanaokufa tu hivihivi. Historia ikisimama vizuri, siku kwa siku, dawa kwa dawa, mjane anapona. Ikichechemea mahali, macho yote yanamgeukia mwanamke.

Na macho yalikuwa yameshageuka tangu Jumanne mchana. Shangazi yetu Eulalie, dada ya marehemu baba, mwanamke wa sauti kubwa na mwili mkubwa, alifika hata maiti haijaoshwa, akauliza kitu kimoja tu: alikula nini mara ya mwisho? Akaambiwa mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, Jumapili jioni, uliopikwa na Séraphine. Basi. Shangazi akakaa chini akisema karuho. Karuho ni sumu ya huku kwetu, ya kutiwa kwenye chakula, inayomla mtu polepole. Hakuna aliyewahi kuiona, na kila mtu ana ndugu aliyekufa nayo. Kufika jioni Séraphine alikuwa ameondolewa kwenye matela, lile godoro la wafiwa pale sebuleni, alipokuwa amekaa na maman yetu, akawekwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Wanawake waliokuwa wakimpelekea chai wakaacha kumpelekea. Hakubishana. Alikaa pale kwenye kigoda chake siku zote za kilio.

Jumatano tukakutana sisi wa familia. Ikaamuliwa, na ninaposema ikaamuliwa najua vizuri ni shangazi aliyeamua, kwamba baada ya mazishi Séraphine arudi kwao Walungu, watoto wabaki upande wetu, na nyumba ifungwe. Isipokuwa, wakasema, historia ya ugonjwa imsafishe. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema vizuri, nitaandika ukweli, ukweli hauna shangazi wala shemeji. Nilijisikia mtu mkubwa sana siku hiyo.

Wa kwanza kunikasirisha alikuwa Patrice. Patrice ndiye anayenifuata, anafanya kazi ya makaratasi ya mizigo kule mpakani Ruzizi, yaani kazi yake ni kuwafanya watu wawili wanaodanganya wasikilizane. Alinivuta nyuma ya nyumba, akaniita grand, yaani kaka mkubwa, akaniambia kwa upole wake ule nisiouweza:

"Grand, andika yote mbili. Weka ile ya dokta, weka na ile ya familia. Kila mutu atakamata yake."

Nikamuuliza: sasa mwanamke atafukuzwa au hatafukuzwa? Au atafukuzwa nusu, mguu mmoja Walungu, mguu mmoja Cimpunda? Akasema nisikasirike. Nikamwambia sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananiwaka.

Alhamisi akaja Abbé Honoré, padre wa parokia yetu, kusali na wafiwa. Huyu ni mtu msomi, nikasema angalau huyu. Nikamweleza jambo lote tukiwa tumesimama karibu na pipa la maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ukweli wote uko kwa Mungu, sisi binadamu kila mmoja anaona upande wake, nitafute maneno ya amani. Nikamjibu kwamba Mungu hatasoma karatasi Jumamosi, nitasoma mimi. Akacheka kidogo, akanipigapiga begani. Sipendi kupigwapigwa begani.

Nikaona upuuzi huu una dawa moja tu. Siku hiyohiyo nikapanda mpaka hospitalini, kumwona dokta aliyempokea Firmin.

Dokta mwenyewe alikuwa Charlène, mwanafunzi wangu wa zamani. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa akikaa karibu na dirisha, na nakumbuka vizuri nilimpa nne juu ya kumi kwa sababu ya inategemea. Sasa ana koti jeupe, na kinywani mwake hapakuwa tena na inategemea hata kidogo. Alifungua faili, akanieleza kama mtu anayesoma namba. Firmin alikuwa na kidonda cha tumbo, cha siku nyingi. Kilitokana na vile vidonge vya maumivu alivyokuwa akimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, vya kununua kwa wachuuzi sokoni, bila dokta. Kituo cha afya kilikuwa kimekiona kidonda hicho wiki tatu kabla, kikampa dawa. Na dawa zile Séraphine alikuwa akimpa kwa saa yake; alizileta Jumatatu na pakiti zake, Charlène alizihesabu, hakuna hata kidonge kimoja kilichokosekana au kuzidi. Kidonda kile kingepona.

Nikamuuliza kuhusu sambaza. Akasema sambaza hazina kosa lolote.

Nikafurahi, jamani. Nikataka kuinuka nimkumbatie. Ndipo akaendelea. Akasema mgonjwa alitapishwa kwa nguvu, kwa muda mrefu, siku moja kabla ya kuletwa. Kidonda kikapasuka. Damu ikamwagika ndani usiku kucha, na Jumatatu alipofika alikuwa amebakiwa na kidogo sana. Walitafuta damu ya kumwongeza, wakapata chupa mbili. Hazikutosha.

Nikamuuliza, basi vitu vyeusi alivyotapika vilikuwa nini.

"Ile ni damu, Profesa," akasema. "Damu ikikaa mu tumbo inakuwa nyeusi, sawa makapi ya kahawa. Nani alimupeleka kule kwa kumutapisha?"

"Familia," nikajibu.

Neno moja. Mwanafunzi akiniandikia neno kama hilo kwenye insha, namkata alama mbili na kuuliza pembeni kwa wino mwekundu: nani hasa? Charlène hakuuliza. Aliangalia faili lake, na nadhani alielewa.

Ni mimi niliyempeleka. Na niseme vizuri jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia nusu.

Jumamosi ile kabla hajafa, maman alinipigia simu. Ana miaka karibu themanini, hapigi simu bure. Akaniambia Firmin anakauka, dawa za kituo zinampotezea siku, nimpeleke Mumosho kwa munganga wa karuho. Nikamweleza habari ya kidonda. Akasema dokta anaona tumbo, haoni mtu aliyetia kitu ndani ya tumbo. Akalia. Akasema kama mimi sitaki, atamtafutia pikipiki yeye mwenyewe, aende naye hivyohivyo na miguu yake mibovu. Nikakubali. Lakini nisijifanye nilikwenda kwa ajili ya machozi ya maman peke yake. Nilikwenda pia kwa sababu niliogopa. Chini ya lojiki yangu yote ya miaka ishirini na saba kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza: na kama ni kweli?

Jumapili baada ya misa nikafika Cimpunda na pikipiki mbili. Séraphine akatoka akashika usukani wa ile aliyopanda mume wake. Akaniomba nimwache, akasema dawa zinafanya kazi, ameanza kulala, ameanza kuomba chakula. Akanisogelea, akalitaja na jina la maman kwa sauti ya chini: najua ni maman anakutuma, mwambie anipe wiki moja tu. Na mimi, mtu wa lojiki, nikamjibu mbele ya majirani kwamba mwanamke anayemkataza mume wake kutibiwa karuho, labda ana lake analoficha. Maneno hayo yalitoka kwenye kinywa changu. Kabla ya shangazi, kabla ya mtu yeyote. Akaachia usukani.

Mumosho tulikuta foleni, watu wamekaa kwenye mabenchi na mabeseni yao. Firmin alipewa kikombe cha majani yaliyosagwa, akatapika tangu saa sita mpaka karibu saa tisa. Munganga akachukua kijiti, akakoroga ndani ya beseni, akanionyesha vitu vyeusi. Karuho njo hii, akasema. Nikaiona. Kwa macho yangu mawili, nikaiona karuho, na nikamshukuru yule mtu kwa mikono miwili.

Charlène akachukua kalamu. Akasema anaweza kuandika tu kwamba mgonjwa alikuwa na kidonda cha tumbo, kikatoa damu, akafa. Hakuna uongo ndani yake, na labda inatosha kumwokoa mjane. Nikaipokea karatasi, nikateremka nayo kuelekea mjini mwepesi kabisa. Nilikuwa na kweli mkononi, ina mhuri, na jina langu halimo. Nilitembea na furaha hiyo labda robo saa.

Ijumaa asubuhi nikaijaribu kwa shangazi Eulalie. Nikamsomea. Alisikiliza akimenya viazi, hakuinua kichwa. Akasema anamshukuru dokta, lakini munganga wa Mumosho si alishaitoa karuho Jumapili mchana? Si niliiona mwenyewe, na si mimi niliyekuja kuwasimulia? Mtu ametoka kusafishwa tumbo, anarudi nyumbani, anakula mchuzi wa mke wake, usiku anaanguka. Sasa nani aliirudisha? Akaendelea na viazi vyake.

Nilibaki nimesimama na mhuri wangu. Alikuwa amenishinda, na alinishinda kwa lojiki. Ile karatasi ya kweli, isiyo na uongo hata wa nukta moja, ilikuwa ikimpeleka Séraphine Walungu. Bila Mumosho kulikuwa na shimo kati ya Jumapili na Jumatatu, na ndani ya shimo hakuna mwingine wa kuwekwa isipokuwa yeye.

Nikajifungia kwangu na madaftari. Nikaandika: familia ikaonelea apelekwe Mumosho. Nikachana. Nikaandika: kama ilivyo desturi, mgonjwa akajaribiwa na dawa za kienyeji. Nikachana. Nilikuwa najichukia. Hivi ndivyo wanavyoandika Patrice na wenzake, hivi ndivyo tunavyoandika nchi nzima, mambo yanatendeka na hakuna aliyeyatenda. Mwishowe nikaandika yote kama yalivyokuwa. Maman aliniomba. Nikakubali. Séraphine akakataza. Nikamtukana mbele ya watu. Nikampeleka mdogo wangu Mumosho, akatapika kwa muda wa saa tatu, kidonda kikapasuka, akafa. Nikaisoma mara mbili. Hakuna pa kusahihisha. Ningempa mtu kumi juu ya kumi.

Halafu nikaona mstari ule wa kwanza.

Maman alikuwa kwenye matela pale Cimpunda tangu Jumanne, hajala kitu zaidi ya uji, ameshika shati la kazi la Firmin lenye saruji. Hakuwa amesema neno moja juu ya Mumosho. Hata sikujua kama alikuwa ameelewa, kwa sababu hakuna aliyemweleza maneno ya Charlène. Na mimi Jumamosi nisimame mbele ya kata nzima, nimsomee kwa sauti kwamba alimtuma mwanawe kwenda kufa. Miaka yote naimba kweli ni moja, kweli ni moja. Haya, imekuja, na imekuja imemshika maman mkono. Nilipiga meza, chai ikamwagika juu ya karatasi, nikalazimika kuandika tena.

Mchana nikaenda kwa Séraphine. Alikuwa pale mlangoni pa jikoni, anapuliza makaa ya kuwapikia waliokuja kilioni, na hakuna aliyemshukuru. Nikachuchumaa. Nikamwambia yote ya dokta, nikamwambia na nilichoandika, na nikamwambia kwamba mstari wa maman unanishinda. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilistahili, na yangenipunguzia.

"Shemeki, sema ile unaweza," akasema. "Batoto tu banibakie."

Akarudi kwenye makaa yake. Nikaondoka na hasira zaidi ya nilivyokuja, maana hata yeye, mwenye haki yote, alikuwa hadai ukweli. Alikuwa anadai watoto. Mstari wa maman nikaukata kwa kalamu kabla sijalala.

Jumamosi hema lilijaa, wengine wakasimama mpaka barabarani. Sanduku lilikuwa sebuleni, mlango wazi, maman kwenye matela pembeni yake, Séraphine kule kwenye kigoda. Nikasimama mlangoni ili wa ndani na wa nje wanisikie. Vikombe vikawekwa chini. Nikasoma. Nilisoma vidonge vya mgongo, nikasoma kituo cha afya, nikasoma dawa zilizotolewa kwa saa yake na mke wake. Nikasoma Mumosho. Nikasoma kwamba Séraphine alishika usukani, na maneno niliyomwambia, yote, jinsi nilivyoyasema. Nikasoma kwamba vile vitu vyeusi vilikuwa damu ya mdogo wangu na mimi nilishukuru. Nikasoma chupa mbili za damu. Nikasoma saa nne asubuhi. Nikakunja karatasi.

Unajua nini kilitokea? Hakuna. Watu walikohoa. Mzee mmoja akasema dokta naye ana yake na munganga ana yake. Mwingine akasema profesa ana moyo, ameamua kubeba mzigo wa mjane. Patrice akanisogelea na macho mekundu, akanishika kiwiko.

"Asante, grand. Ule ni ukweli yako, tumeisikia."

Nilitaka kumpiga palepale, mbele ya sanduku. Ukweli wangu! Kama vile nimesimama pale kuwaeleza napenda rangi gani.

Ndipo shangazi Eulalie akainuka. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alikuwa ananihurumia.

"Stanislas, we uko mutu wa masomo," akasema. "Miaka yote unacheka batu ba karuho. Hauwezi kwenda Mumosho ivi wewe peke yako. Kuko mutu alikutuma. Na mwenye alikuwa na mugonjwa mu nyumba ni ule mwanamuke. Alikutuma akuweke mbele, kisha akajificha nyuma yako. Sema hapa: nani alikutuma?"

Kata nzima ikaamka. Naam, hilo lilikuwa na maana. Watu walianza kutikisa vichwa, wakageuka wote kumwangalia Séraphine pale kwenye kigoda. Na Séraphine alikuwa anajua jibu, alilisema mwenyewe siku ile akiwa ameshika usukani. Angeweza kufungua kinywa. Aliangalia miguu yake.

Mimi nikamwangalia maman. Alikuwa ameinua uso. Shati lile lilikuwa kwenye mapaja yake, na alinitazama wazi kabisa, macho hayakuyumba, na nikaelewa kwamba alikuwa amesikia kila neno la karatasi na alikuwa ameelewa tangu siku nyingi. Alikuwa anasubiri nimtaje. Kweli ilikuwa ni neno moja tu, la kwanza ambalo mtoto yeyote wa hapa anajifunza kulisema.

"Hakuna mutu alinituma," nikasema. "Ni miye niliamini. Niliogopa, nikaamini."

Na wakaniamini. Hapohapo, wote. Shangazi Eulalie alinitazama kidogo, kisha akafunika kinywa kwa kitenge chake, akakaa chini polepole. Wazee wakasema eh, woga. Woga walikuwa wanaujua, hauhitaji dokta. Mtu mmoja nyuma ya hema akaanza kulia, nikasikia mtu mwingine akisema hata profesa, jamani, hata profesa. Hakuna aliyesema ule ni ukweli wangu. Ukurasa mzima niliusoma, mstari kwa mstari, na hakuna aliyesogeza hata kiti. Nikatia uongo mmoja, ukasimamisha kila kitu.

Maman akasogea kwenye matela. Akasogea mpaka ukutani, akafungua nafasi upande wa sanduku, akaipigapiga kwa kiganja.

"Séraphine," akaita. "Kuya ukae hapa kwangu."

Wanawake wakampisha. Alipita mbele yangu, mikono yake ikinuka makaa, akakaa mahali pake pa mjane, na watoto wake watatu wakamfuata wakajibana naye. Walungu haikutajwa tena, siku ile wala baada yake. Vijana wakaja kunyanyua sanduku, mimi nikashika upande wa mbele. Maman alimshika Séraphine mkono mpaka tukatoka mlangoni, na mimi hakuniangalia hata mara moja.